Kitabu kipo ila kinaitwa jina lingine: namna ya kusachi majina ya Kichina, Kijapani na Kikorea kwenye katalogi za maktaba

Swali ni lilelile kila muhula na nimelijibu kwa mmoja mmoja mpaka sauti imekauka, kwahiyo leo naliandika mara moja, atakayekuja nitampa hii asome kwanza. Mtu anakuja, kawaida anaandika tesisi ya umahiri au kapewa kazi ya semina kuhusu China na pwani yetu, anasema nimesachi kila mahali hamna kitu. Namwambia nionyeshe ulichoandika. Ananigeuzia simu: Zheng He Malindi. Matokeo mawili, na moja ni kitabu cha watoto. Naichukua simu naandika Cheng Ho, vinaanza kushuka vitabu na makala ambazo zilikuwepo kabla babu yake hajaoa.

Mtu ni yuleyule, yule baharia wa enzi ya Ming aliyeongoza safari za merikebu kati ya 1405 na 1433 mpaka zikafika huku kwetu. Jina lake kwa Kichina halijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni namna wazungu na Wachina wenyewe walivyolinakili kwa herufi za abc. Na katalogi nyingi hazina akili hiyo, zinatafuta herufi ulizobonyeza basi.

Sisi wenyewe tunalo jambo hilihili, nenda katafute Kilwa kwenye maandishi ya Wareno utaikuta ni Quiloa, Malindi ni Melinde, na Wajerumani waliandika Kilimandscharo. Ukilielewa hilo umeelewa nadharia yote unayohitaji.

UNAHITAJI NINI KABLA YA KUANZA

Simu inatosha ila laptopu ni nzuri zaidi maana utakopi na kupesti sana. Karatasi na kalamu, na hapa sitanii, karatasi ya kweli ikae pembeni ya kompyuta. Jina unalolitafuta kwa tahajia yoyote ile hata kama ni moja tu. Na ujue kwa kukadiria vyanzo unavyovitaka vilichapishwa miaka gani, hii watu wengi wanairuka na ndiyo inawaangusha.

Kama chuo kimekupa paswedi ya databesi za kulipia vizuri, kama huna usikae kulia: WorldCat (katalogi ya pamoja ya maktaba za dunia) ni bure kusachi, katalogi ya Library of Congress, maktaba kubwa ya Marekani, ni bure, HathiTrust na Internet Archive zenye vitabu vilivyoskaniwa ni bure, na CiNii, katalogi ya Japani, ni bure. Kujua Kichina hakuhitajiki, mi mwenyewe naishia nihao.

HATUA ZENYEWE

1. Pata jina kwa herufi zake za asili.

Nenda Wikipedia, fungua ukurasa wa huyo mtu au hicho kitu, na mstari wa kwanza kabisa au kile kisanduku cha pembeni utaona herufi za Kichina. Kwa Zheng He utaona 鄭和 na 郑和. Zote chukua. Ya kwanza ni maandishi ya zamani ambayo Taiwan na Hong Kong wanayatumia mpaka leo, ya pili ni yaliyorahisishwa ya China bara. Zikopi uziweke kwenye noti za simu usije ukazipoteza, utazihitaji hatua ya 7. Kwenye kisanduku hichohicho mara nyingi kuna mistari imeandikwa Hanyu Pinyin, Wade–Giles na kadhalika (ni mifumo ya kunakili Kichina kwa herufi za abc, nitaieleza hatua ya 3), hiyo ni zawadi, inakili yote kwenye karatasi.

2. Andika tahajia zote chini, moja kila mstari.

Kwa Zheng He karatasi yangu ina Zheng He, Cheng Ho, Chêng Ho yenye kofia, na kwa ndugu zangu wa Kongo na Burundi mnaotumia maktaba za Kifaransa ongezeni Tcheng Houo. Halafu majina ya utani na vyeo, huyu aliitwa pia Sanbao, zamani San-pao.

Usiishie kwa mtu mmoja. Kama mada yako ni pwani yetu kwenye kumbukumbu za Ming basi kila mji una sura yake ya Kichina na sura hiyo nayo ina tahajia zake. Malindi ni Malin au Ma-lin. Mogadishu ni Mugudushu, kwenye vitabu vya zamani Mu-ku-tu-shu. Barawa ni Bulawa au Pu-la-wa. Ukikutana na Mu-ku-tu-shu bila kujua hili utadhani ni mji wa Mongolia.

Kuna mmoja ambaye ndiye mwalimu wangu wa tabu hizi, ofisa wa forodha wa enzi ya Song aliyeandika mwaka 1225 kitabu kuhusu nchi za ng'ambo, humo ndani kuna nchi anaiita Cengba ambayo inafahamika kuwa ni upande wetu huu wa Zanzibar. Leo anaandikwa Zhao Rugua au Zhao Rukuo. Kwa mtindo wa Wade-Giles ni Chao Ju-kua. Lakini tafsiri maarufu ya Kiingereza iliyotoka 1911 iliyofanywa na Hirth na Rockhill inamwita Chau Ju-kua, na kitabu chake badala ya Zhufan zhi wakakiandika Chu-fan-chï, na Cengba ikawa Ts'öng-pa, yaani tahajia zao wenyewe kabisa. Mi nilisachi Zhao Rugua wee, nikakosa, nikamsumbua rafiki yangu aliyeko Ulaya anipigie picha kurasa za kitabu hicho maktabani, akakaa jioni mbili anaskani kurasa arobaini na kitu akanitumia. Wiki iliyofuata nikaandika Chau Ju-kua kwenye Internet Archive na kitabu kizima kipo, bure, tangu zamani. Huyo rafiki mpaka leo sijamwambia.

3. Jifunze kugeuza pinyin kuwa Wade-Giles na kurudi.

Hapa tulia kidogo maana ndiyo injini ya kazi yote. Pinyin ni mfumo rasmi wa China tangu 1958. Wade-Giles ni wa Waingereza wa karne ya 19 na ndio uliotawala vitabu vya Kiingereza kwa miongo mingi. Sio lazima ukariri, kopi hii ubandike mahali:

– zh ya leo zamani ni ch: Zhou ni Chou
– j ya leo zamani nayo ni ch: Jiang ni Chiang
– q na ch za leo zamani ni ch' yenye apostrofi: Qing ni Ch'ing, Chen ni Ch'en
– x ni hs: Xinhua ni Hsinhua
– b, d, g ni p, t, k: Deng ni Teng, Guangzhou ni Kuang-chou
– p, t, k za leo ni p', t', k': Tang ni T'ang
– z ni ts na c ni ts': Cao Cao ni Ts'ao Ts'ao
– zi ni tzu: Laozi ni Lao-tzu
– r ya mwanzo ni j: renmin ni jen-min
– ong ni ung: Yongle ni Yung-lo
– ian ni ien: Fujian ni Fu-chien

Ile apostrofi inasumbua watu lakini watu wa Mombasa na Lamu mnaijua bila kufundishwa. Kaa la moto na k'aa wa baharini sio neno moja, la pili unalitoa na pumzi. Paa la nyumba na p'aa yule mnyama, hivyohivyo. Wade-Giles inafanya kitu hichohicho, t' ni t yenye pumzi. Tatizo ni kwamba wachapishaji wengi waliona uvivu wakazifuta apostrofi zote, kwahiyo Chang kwenye kitabu cha zamani inaweza kuwa Zhang au Chang, na hapo hakuna kanuni ya kukuokoa, ni herufi za asili tu.

Kuna na kundi la tatu, majina ya posta, yaani tahajia za miji zilizotumiwa na posta ya China zamani, ambayo hayafuati mfumo wowote kati ya hiyo miwili: Peking, Nanking, Canton, Amoy, Tientsin. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaoenda Guangzhou kila mwezi wanaenda Canton bila kujua. Amoy ni Xiamen. Quanzhou ni Ch'üan-chou na kwenye vyanzo vya Waarabu ni Zaitun, jina ambalo Ibn Battuta analitumia, yuleyule aliyepita Kilwa 1331. Ukiandika tesisi ya biashara ya Bahari ya Hindi bila Zaitun kwenye karatasi yako umejinyima nusu ya vyanzo.

4. Angalia mwaka, halafu chagua tahajia ya kuanza nayo.

Tarehe za kushika ni mbili tu. Tarehe 1 Januari 1979 China ilianza kutumia pinyin kwenye machapisho yake rasmi ya lugha za nje. Na tarehe 1 Oktoba 2000 Library of Congress nayo ikahama kutoka Wade-Giles kwenda pinyin kwenye katalogi yake. Kwahiyo kitabu cha Kiingereza cha kabla ya 1979 anza na tahajia ya zamani, cha miaka ya 80 na 90 jaribu zote maana wasomi wengi walikuwa hawataki kuhama, cha baada ya 2000 anza na pinyin. Vya Taiwan tahajia ya zamani ilidumu zaidi.

Kumbuka rekodi na kitabu ni vitu viwili. Rekodi ya maktaba inaweza kuwa imeshageuzwa pinyin lakini maneno ndani ya kitabu yamebaki ya mwaka kilipochapwa. Ukisachi jina la mwandishi wa Kichina unapambana na tahajia ya mkutubi, ukisachi ndani ya kurasa kwa mfano HathiTrust unapambana na tahajia ya mwandishi wa 1966.

Alikuja dada mmoja anaandika proposo kuhusu TAZARA, kaandika kabisa kwamba vyanzo vya wakati wa ujenzi kutoka upande wa China kwa Kiingereza ni haba mno. Reli ilijengwa 1970 mpaka 1975! Nikamuuliza ulisachi nini, akasema Beijing, Mao Zedong, Zhou Enlai, Xinhua. Sasa miaka ile hakuna gazeti la Kiingereza lililoandika hivo. Mwalimu Nyerere alipokwenda China Februari 1965 kwenye maandishi ya wakati ule alikwenda Peking akakutana na Mao Tse-tung na Chou En-lai, na habari ilitoka Hsinhua, yaani Xinhua, shirika la habari la China. Lile jarida lao la kila wiki leo linaitwa Beijing Review, mpaka 1978 lilikuwa Peking Review. Tulikaa kama dakika ishirini hivi, akaondoka na orodha iliyomfanya afute aya nzima ya proposo. Alikasirika kidogo, nadhani sio na mimi.

5. Sasa sachi, lakini kwa mpangilio.

Anza na tahajia mbili ukiziunganisha na OR kwa herufi kubwa, kila jina ndani ya alama za kunukuu: "Zheng He" OR "Cheng Ho". Usianze kwa kurundika mabano na maneno kumi, ukikosea alama moja hutajua kosa liko wapi. Ikileta vizuri ongeza neno moja, Africa kwa mfano, uone. Halafu futa, weka Malindi. Kila ukimaliza tahajia moja iwekee tiki kwenye karatasi, ndiyo maana nilisema karatasi.

Alama ya kuuliza au nyota inasaidia pale herufi moja inapobadilika, ila kila katalogi ina alama yake kwahiyo soma ukurasa wa msaada, dakika mbili tu.

Ogopa nafasi kati ya silabi. Rekodi nyingi za maktaba za Marekani zinaandika pinyin silabi mojamoja, gazeti ambalo wewe unaliandika Renmin ribao kule ni Ren min ri bao, na kabla ya hapo lilikuwa Jen min jih pao. Majina ya watu na miji ndiyo yanaunganishwa. Kile kitabu cha Ma Huan aliyesafiri na Zheng He, jaribu Yingya shenglan, halafu Ying ya sheng lan, halafu Ying-yai sheng-lan yenye i ya ziada kwenye yai, maana ndivyo tafsiri ya Mills ya 1970 ilivyokiandika. Herufi moja tu hiyo imenipotezea mchana mzima.

6. Ukipata rekodi moja nzuri, ing'ang'anie.

Usikimbilie kudaunlodi. Ifungue rekodi nzima ushuke mpaka chini kwenye jina la mwandishi na mada. Jina pale limeandikwa jinsi maktaba ilivyoamua kuliandika siku zote, ukoo kwanza kisha mkato: Zheng, He. Likliki. Litakuletea vyote vilivyofungwa kwenye jina hilo bila kujali jalada limeandika nini. Kama unataka kuona majina yote mbadala kwa mpigo nenda VIAF (orodha ya kimataifa ya majina ya waandishi kwenye mtandao) au kwenye orodha ya majina ya Library of Congress, andika tahajia yoyote, itakutolea nyingine zote. Kusema kweli ukiwa na haraka ungeweza kuanzia hapa, ila watu wanaoanzia hapa huwa hawaelewi wanachokiona.

7. Pesti herufi za asili.

Sasa zile 鄭和 na 郑和 ulizohifadhi. Zipesti moja kwanza halafu nyingine, usidhani katalogi itajua ni kitu kimoja, zingine zinajua zingine hazijui. Hata kama husomi Kichina utaona vichwa vilivyoandikwa kwa herufi za kirumi chini yake na mara nyingine muhtasari wa Kiingereza, na unaweza kumpelekea mwalimu anayefundisha Kichina hapo chuoni akuangalizie.

8. Geuza na upande wetu.

Hii hakuna anayeikumbuka. Mada ina majina ya Asia na majina ya huku, na ya huku nayo yamechezewa. Gedi na Gede. Mogadishu, Mogadiscio, Magadoxo. Vigae vya Kichina vilivyochimbwa Gedi na Kilwa vinaweza kuwa kwenye makala inayosema Longquan (aina ya vyombo vya kauri vya China) au inayosema Lung-ch'üan, tahajia mbili za Gedi mara mbili hizo ni misako minne, ifanye yote. Vilevile sarafu ya Yongle, mfalme wa Ming, iliyopatikana kisiwa cha Manda na kutangazwa 2013, hiyo ni mpya utaipata kwa Yongle, ila ukitaka kuilinganisha na sarafu zilizoandikwa zamani rudi kwa Yung-lo.

KIJAPANI

Hatua ni zilezile, mitego ndiyo inatofautiana. Mfumo wa kawaida unaitwa Hepburn na ndio unaoujua bila kujua, lakini kuna mwingine wa Kunrei, serikali ya Japani iliupitisha 1937, ambapo shi inaandikwa si, chi ni ti, tsu ni tu, fu ni hu na ji ni zi. Mlima Fuji unakuwa Huzi. Halafu irabu ndefu: Satō, Sato, Satou, Satoh, mtu mmoja. Na n mbele ya b inaweza kuwa m, shinbun na shimbun ni gazeti lilelile.

Mfano wa nyumbani kabisa ni sokwe wa Mahale kule Kigoma. Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamewafuatilia tangu 1965 na ukitaka kazi zao za mwanzo mtafute Itani. Jina lake la pili lipo kama Jun'ichirō, Junichiro, Jun-ichiro, na kwa Kunrei ni Zyun'itirô ambayo ukiiona hutaamini ni yeye. Mwenzake Nishida Toshisada kwenye majarida ya Kiingereza ni Toshisada Nishida, jina la ukoo limehamia nyuma, kwahiyo sachi ukoo peke yake kwenye kisanduku cha mwandishi kwanza.

Na kinachonichekesha kila mara: makala ya Nishida ya 1968 haisemi Mahale, inasema Mahali. Milima ya Mahali! Mwanafunzi wa Kitanzania anaandika Mahale kwa usahihi kabisa na anaikosa makala ya msingi kuhusu mlima wa kwao. Hapo ndipo ile alama ya kuuliza inafanya kazi, Mahal? inakamata zote mbili.

KIKOREA

Kifupi. Mfumo wa zamani ni McCune-Reischauer wa 1939, serikali ya Korea Kusini ilileta mpya mwaka 2000, lakini Library of Congress imebaki na ule wa zamani. Kwahiyo unachokiona kwenye ramani ni Busan na kwenye katalogi ni Pusan, Joseon ni Chosŏn, na itikadi ya Juche iko kwenye Chuch'e. Majina ya watu ni balaa zaidi maana kila familia inajiandikia inavyotaka: Lee, Yi, Rhee na Ri ni ukoo mmoja, Park na Pak ni mmoja, Choi na Ch'oe ni mmoja. Rais wa kwanza wa Kusini utamkuta Syngman Rhee kwenye vitabu na Yi Sŭng-man kwenye rekodi za vitabu vya Kikorea. Kwa Kikorea mi natoka hatua ya 1 naruka moja kwa moja mpaka ya 7, napesti Hangul, yaani herufi zao wenyewe, napumzika.

MAKOSA AMBAYO NAYAONA KILA SIKU

Kusahihisha majina ya taasisi. Mtu akishajua Peking ni Beijing anaenda kubadilisha kila kitu, lakini chuo kinajiita Peking University mpaka leo, kingine Tsinghua ingawa pinyin ni Qinghua, na kile cha Guangzhou ni Sun Yat-sen University. Yaache. Sun Yat-sen mwenyewe ni matamshi ya Kikanton, kwa pinyin ni Sun Yixian, ila China anajulikana zaidi kwa jina lake lingine, Sun Zhongshan, na kama unamtafuta weka yote matatu.

Kubadilisha tahajia kwenye marejeo. Kwenye maandishi yako tumia pinyin, sawa, lakini kichwa cha kitabu kinabaki kilivyo kwenye jalada. Ukiandika jina la kitabu cha 1949 kwa pinyin msahihishaji wako hatakipata.

Kugeuza ukoo. Programu za kupanga marejeo zinapenda kukuandikia He, Zheng. Ukoo ni Zheng.

Kudhani tahajia mbili ni mtu mmoja kila mara. Ono na Ōno ni koo mbili tofauti za Kijapani, ukifuta ile alama ya juu umezichanganya. Hakiki kwa herufi za asili au mwaka wa kuzaliwa.

KAMA BADO INAGOMA

Matokeo sifuri: toa alama za kunukuu, toa apostrofi, toa vistari, halafu badilisha apostrofi. Simu nyingi zinaweka ile iliyopinda wakati katalogi inataka iliyonyooka, hazifanani kwa kompyuta hata kama kwa jicho ni sawa. Ikigoma weka nafasi mahali pa apostrofi.

Matokeo laki: umeandika jina fupi ambalo ni neno la Kiingereza. He, Li, No. Katalogi zingine zinayaruka kabisa maneno kama hayo. Tamthilia za Kijapani za Noh zimeandikwa pia Nō na No, ukisachi No peke yake umeharibu siku. Tumia kisanduku cha kichwa au cha mada, ongeza neno la pili.

Herufi zinatokea visanduku vitupu au alama za ajabu: fungua kwa brauza nyingine, na kama ni kompyuta ya maktaba iliyozeeka sachi kwa simu yako halafu nakili namba ya rafu.

Ü haipatikani kwenye kibodi: andika u. Ikikataa jaribu v, ndivyo Wachina wenyewe wanavyoibonyeza kwenye kompyuta, na kwenye pasipoti zao inakuwa YU, kwahiyo Lü anaweza kuwa Lu, Lv au Lyu.

Kitabu kipo kwenye skani lakini ukisachi ndani hakuna neno: mashine iliyosoma zile kurasa haikuelewa ŏ, ê wala apostrofi. Sachi kipande cha jina kisicho na alama, au fungua faharasa ya nyuma usome kwa macho kama zamani.

Rekodi mbili za kitabu kimoja zenye tahajia tofauti: angalia zote, moja inaweza kusema kimeazimwa na nyingine ikakuonyesha nakala ya pili. Na kama maktaba yenu bado ina droo za kadi zichungulieni, kadi ya 1970 hakuna aliyeirudia kuiandika pinyin. Tafuta kwenye P ya Peking na T ya Teng.

Ukifika hapa hujapata ndiyo umwandikie mkutubi. Usimwandikie "naomba vitabu kuhusu China". Mtumie herufi za asili, tahajia zote ulizojaribu, miaka unayoitaka na katalogi ulizopita, yaani ile karatasi yako ipige picha tu umtumie.